Balbu ya nyumbani inakula umeme kiasi gani? Maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni fundi umeme wa majumbani hapa Mbeya. Kazi zangu nyingi ni za Ilomba, Uyole na Mwanjelwa, mara moja moja naitwa hadi Makambako na Iringa. Maswali haya nimeulizwa nikiwa juu ya ngazi, nikiwa dukani nanunua waya, na mara nyingi zaidi nikiwa nimekaa uani na familia ambayo LUKU yao, yaani umeme wa kulipia kabla, imeisha katikati ya wiki. Nimeyajibu kwa hesabu ambayo mtu yeyote anaweza kuirudia kwa kikokotoo cha simu.

Fundi, balbu moja inatumia ampea ngapi?

Soma wati zilizoandikwa kwenye balbu, gawanya kwa 230. Hiyo 230 ndiyo volti ya umeme wa majumbani Tanzania. Balbu ya waya, ile ya zamani yenye mwanga wa njano, ikiwa ya wati 60 inavuta ampea 0.26. Ya wati 100 inavuta 0.43. Enaji seva ya wati 18 ni kama 0.08, na LED ya wati 9 ni kama 0.04. Kwa mahitaji ya nyumbani hesabu hiyo inatosha, ila kwa enaji seva, tyubu na LED kuna jambo la ziada nitalieleza mbele.

Wati, volti, ampea: tofauti yake ni nini hasa?

Sisi wa nyanda za juu tuna mfano mzuri karibu. Bwawa la Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma, linapokea maji ya Ruaha Mkuu na mitambo yake ni ya megawati 80. Kihansi, kwenye ukingo wa milima ya Udzungwa, mto wake ni mdogo ukilinganisha na Ruaha, lakini mitambo yake ni ya megawati 180. Sababu ni kimo. Maji ya Kihansi yanaporomoka zaidi ya mita 800 kabla ya kufika kwenye mashine.

Sasa chukua kile kimo ukiite volti, na wingi wa maji yanayopita uite ampea. Nguvu inayopatikana, yaani wati, ni hivyo viwili vikizidishwa. Maji machache yanayoanguka kutoka juu sana yanaweza kufanya kazi sawa na maji mengi yanayoanguka kutoka kimo kifupi. Ndiyo maana taa ya sola ya volti 12 inavuta ampea nyingi kuliko taa ya ukutani yenye wati zilezile. Ukilishika hili, maswali yote yanayofuata yatakuwa mepesi.

Kwa hiyo mimi nalipia ampea?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Unalipia uniti, na uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Zidisha wati kwa saa, gawanya kwa 1,000. LED ya wati 9 ikiwaka saa 5 kila jioni inakula uniti 0.045 kwa siku, au 1.35 kwa mwezi wa siku 30. Balbu ya waya ya wati 60 kwa saa zilezile inakula uniti 9 kwa mwezi.

Ampea zina kazi yake, nayo ni kuchagua waya, swichi na breka. Fundi anahesabu ampea ili nyumba isiungue. Wewe unahesabu wati na saa ili mfuko usiungue.

Uniti moja ni shilingi ngapi?

Inategemea daraja lako. Kwenye daraja la matumizi ya kawaida, uniti ni shilingi 292 kabla ya VAT na tozo za REA na EWURA. Ukijumlisha vyote inafika kama shilingi 356. Daraja la watumiaji wadogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ni shilingi 100 kabla ya makato hayo. Angalia risiti yako mwenyewe, kwa sababu bei hupangwa upya na kila nyumba ina daraja lake.

Usipate bei kwa kugawanya pesa uliyolipa kwa uniti ulizopewa, hasa manunuzi ya kwanza ya mwezi. Kodi ya jengo hukatwa humohumo kwenye LUKU, nawe utaona kama umeme umepanda bei ghafla. Soma mstari wa gharama ya umeme peke yake.

Jioni umeme wangu unakuwa mdogo. Balbu nayo inatumia kidogo?

Balbu ya waya, ndiyo. Volti zikishuka inafifia na inavuta kidogo. LED nyingi zina saketi ndogo ya ndani inayopigania mwanga usibadilike, kwa hiyo volti zikishuka yenyewe huongeza ampea. Wati unazolipia hubaki karibu palepale.

Nitajuaje kama wati zilizoandikwa kwenye boksi ni za kweli?

Swali hili nalipenda kuliko yote, kwa kuwa jibu lake tayari limefungwa nyumbani kwako na hulinunui.

Tazama mita yako ya LUKU. Ina kitaa chekundu kinachopepesa. Karibu nacho pameandikwa namba ikifuatiwa na imp/kWh. Inaweza kuwa 1000, 1600 au nyingine. Maana yake ni kwamba kitaa kikipepesa mara hizo, uniti moja imekwisha. Kwenye mita ya 1000, kila mpepeso mmoja ni wati moja ikitumika kwa saa moja.

Fanya hivi. Zima kila kitu: friji, televisheni, chaja zilizobaki ukutani, redio ya mtoto. Subiri uone kitaa kimetulia. Kama bado kinapepesa, kuna kitu umekisahau, au umeme unavuja mahali, na hilo peke yake linastahili kumwita fundi. Kikitulia, washa balbu unazotaka kuzipima. Chukua simu, fungua saa ya kuhesabu sekunde, anza kikipepesa, simamisha kikipepesa tena. Kwa mita ya 1000, gawanya 3,600 kwa sekunde ulizopata. Kwa mita ya 1600, gawanya 2,250. Jibu ni wati.

Balbu ya wati 60 kwenye mita ya 1000 itakupa sekunde 60 kamili. Balbu ya wati 9 itakuweka hapo sekunde 400, karibu dakika saba, na balbu moja ndogo sana mita inaweza isiisikie vizuri. Kwa hiyo washa kadhaa za aina moja kwa pamoja, kisha gawanya jibu kwa idadi yake.

Mwaka mmoja nilinunua balbu tano za LED kwa ajili ya nyumbani kwangu, boksi linasema wati 12 kila moja. Nilitegemea kitaa kipepese kila baada ya sekunde 60. Kikawa kinachukua 90. Hesabu ikasema wati 40 kwa zote tano, yaani 8 kila moja. Kwa bili hiyo ni nafuu, ila nililipia mwanga ambao sikupewa, na sebule ikawa na giza kwenye pembe. Tangu hapo kila boksi jipya nalipima hivyo kabla sijamfungia mteja.

Kama mita yako iko juu ya nguzo na ndani una rimoti tu, toka nje jioni na mtu wa kukuwashia taa. Kitaa huonekana vizuri gizani. Usipande nguzo, na usimtume kijana apande.

LED imeandikwa "wati 9 sawa na 60". Inatumia 9 au 60?

Inatumia 9. Hiyo 60 ni sifa ya mwanga: wanamaanisha inamulika kama balbu ya waya ya wati 60. Ukitaka kulinganisha mwanga, soma lumeni. Balbu ya waya ya wati 60 inatoa kama lumeni 700 hadi 800, na LED nzuri ya wati 9 inafika hapo. Balbu ya waya hugeuza sehemu kubwa sana ya umeme wake kuwa joto, ndiyo maana huwezi kuishika ikiwa inawaka.

Tumepanga, LUKU ni moja. Binti wa chumba cha pili hasomi bila taa hadi usiku wa manane. Si yeye anayemaliza umeme?

Nitajibu kwa nyumba moja ya Ilomba yenye vyumba sita, kwa sababu mambo yalikuwa hivyohivyo. Kila chumba kilichanga sawa. Binti mmoja, mwanachuo, alikuwa akisemwa kila wiki, hadi akaanza kusomea kwa tochi ya simu. Mwenye nyumba akaniita nikague kama kuna waya unavuja. Waya ulikuwa mzima. Nikaomba wapangaji wote tukae uani na daftari.

Taa ya yule binti ilikuwa LED ya wati 9, inawaka kuanzia saa moja jioni hadi saa nane usiku. Saa 7 mara wati 9 ni 63. Kwa mwezi mzima inafika uniti 1.89. Kwa bei ya shilingi 356, ni kama shilingi 670 kwa mwezi.

Kisha tukaja kwenye maji ya kuoga. Mtu wa Dar anaweza asielewe, lakini Mbeya mwezi wa Julai maji ya bombani asubuhi yanauma mifupa, na vyumba vitatu vilikuwa na hita ya kutumbukiza kwenye ndoo. Tuseme ndoo ya lita 20, maji yana nyuzi 15, unayataka yafike 40. Kazi hiyo inahitaji kama uniti 0.58, hata hita iwe ya wati 1,000 au 2,000, kwa kuwa ndogo itachukua muda mrefu na kubwa muda mfupi. Ndoo moja kwa siku ni uniti 17 na ushee kwa mwezi, zaidi ya shilingi 6,000.

Rudia kusoma hapo. Ndoo moja ya asubuhi moja ni sawa na taa ya yule binti kuwaka saa 64 mfululizo. Alikuwa akilipia maji ya moto ya wenzake, huku akisemwa kwa ajili ya taa. Taa inalaumiwa kwa sababu mwanga wake unapita chini ya mlango na kila mtu anauona. Hita hakuna anayeiona, na saa kumi na mbili asubuhi kila mtu yuko kwake.

Tulikubaliana hivi: taa za wote zichangiwe sawa kwa kiasi kidogo, na kila mwenye hita, jagi la umeme, pasi au jiko aandike wati zake na muda anaotumia. Haikuwa hesabu kamili, watu walikadiria. Lakini kelele zilipungua. Kama mwenye nyumba ana uwezo, kuna vimita vidogo vya ndani vya kila chumba. Fundi huvifunga baada ya mita ya LUKU bila kuigusa mita yenyewe. Mita ya TANESCO haiguswi na mtu wa mtaani kwa namna yoyote.

Kuwasha na kuzima mara kwa mara kunakula umeme zaidi kuliko kuiacha inawaka?

Hapana. Zima ukitoka chumbani. Balbu ya waya ikiwa baridi huvuta ampea nyingi kwa kufumba na kufumbua inapowashwa, ndiyo maana hupenda kuungua muda huohuo, lakini muda huo ni mfupi mno kuonekana kwenye uniti.

Nilipima LED kwa klampu mita nikapata ampea mara mbili ya hesabu yako.

Klampu mita ni kile kifaa chenye taya kinachosoma ampea kikiushika waya, na huenda umepima sawa. Kugawanya wati kwa 230 kunatoa ampea kamili kwa balbu ya waya. LED na enaji seva zina vifaa ndani vinavyovuta umeme kwa vipande, havifuati mdundo wa volti vizuri. Mafundi huita kipimo chake pawa fakta. LED ya wati 9 yenye pawa fakta ya 0.5 itavuta kama ampea 0.08 badala ya 0.04. Tyubu ya futi nne ya wati 36 yenye choki ya zamani, isiyo na kapasita ya kurekebisha, inavuta 0.43, sawa na balbu ya waya ya wati 100! Pamoja na hayo mita ya nyumbani inahesabu wati, kwa hiyo ampea hizo za ziada hazikupandishii LUKU. Zinamhusu anayechagua waya wa ukumbi wenye tyubu hamsini.

Mawili kuhusu kupima. Klampu ishike waya mmoja tu. Ukishika miwili pamoja utasoma sifuri. Na kwa kuwa ampea 0.04 ni ndogo mno kwa klampu nyingi, tengeneza waya wa kupimia wenye ganda zima, uuzungushe mara kumi ndani ya taya la klampu, kisha gawanya kwa kumi. Kama hujawahi kufanya kazi hizi, tumia njia ya kitaa cha LUKU. Hiyo haina waya wa kuguswa.

Taa zote za nyumba ziwekwe breka ya ampea ngapi?

Njia ya taa kwa kawaida ni waya wa milimita za mraba 1.5 na breka ya ampea 6 au 10. Ampea 6 kwa volti 230 ni wati 1,380. Nyumba yenye LED ishirini za wati 9 haifiki hata ampea 2, pawa fakta ikiwemo. Kwa hiyo breka ya taa ikikatika, usiibadilishe ukaweka kubwa. Kuna kosa: holda imeyeyuka, panya wametafuna waya juu ya dari, au kuna mtu ametoa soketi kwenye waya wa taa akawa anapigia pasi. Hilo la mwisho nakutana nalo sana. Pasi ya wati 1,000 peke yake inavuta ampea zaidi ya 4, sawa na balbu za waya za wati 100 kumi zikiwaka pamoja, na ikijumlishwa na vingine breka ya 6 inaweza kuzidiwa.

Nimezima swichi lakini LED inabaki na mwanga hafifu usiku. Inakula umeme?

Kidogo sana. Kinachonisumbua mimi ni sababu. Mara nyingine ni umeme mdogo unaopenya kati ya waya mbili zilizolala pamoja kwa urefu, na hilo halina neno. Mara nyingine swichi yenyewe ina kitaa kidogo cha kuonyesha ilipo. Lakini mara nyingi ninapofungua nakuta fundi alikata waya wa nyutro kwenye swichi badala ya waya wa moto. Maana yake holda ina umeme hata swichi ikiwa imezimwa, na siku unapobadilisha balbu umesimama juu ya ndoo iliyolowa, unaweza kufa. Ita fundi aigeuze. Ni kazi ya dakika chache. Hadi atakapofika, zima meni swichi kabla ya kugusa balbu yoyote.

Nafuga kuku Mafinga. Kwa nini balbu ya LED haiwapi vifaranga joto?

Kwa sababu imetengenezwa isipoteze umeme kwenye joto. Hapa balbu ya waya bado ina kazi. Vifaranga wa wiki ya kwanza wanahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, na usiku wa Juni huko Mafinga ni wa baridi kali. Balbu ya wati 100 ikiwaka mchana na usiku inakula uniti 2.4 kwa siku. Kwa siku 21 ni uniti 50.4, karibu shilingi 18,000 kwa bei ya 356. Taa nyekundu ya vifaranga ya wati 250 inavuta ampea 1.09 na inakula uniti 6 kwa siku.

Kabla ya kuongeza balbu, punguza hewa ya baridi. Zungushia kadibodi, weka maranda ya kutosha chini, shusha balbu karibu na vifaranga lakini isiguse maranda. Ifunge kwa mnyororo au waya wa chuma, usiining'inize kwa waya wake wa umeme, kwa sababu ikianguka juu ya maranda banda linaungua. Tumia holda ya udongo, ile ya plastiki hulainika. Ukiwaona wamerundikana chini ya balbu, wana baridi. Wakikimbilia pembeni, ni joto mno, na hapo unaweza kuzima moja na kuokoa uniti. Jiko la mkaa kwenye banda lililofungwa huua vifaranga, na humuua hata mtu anayelala humo kuwalinda.

Huku kijijini tuna sola. Hesabu ni hiyohiyo?

Ni hiyohiyo, ila unagawanya kwa 12. Balbu ya wati 5 inavuta ampea 0.42, karibu sawa na balbu ya wati 100 ya umeme wa TANESCO. Kwa ajili hiyo waya mwembamba unaotosha mjini hautoshi kwenye sola: ukiuvuta mrefu hadi jikoni au zizini, volti zinapotelea njiani na taa inafifia. Weka waya mnene na betri iwe karibu na taa.

Betri nayo ihesabu kwa saa. Taa nne za wati 5 zikiwaka saa 5 zinakula wati-saa 100. Gawanya kwa 12 unapata ampea-saa 8.3, na ampea-saa ndicho kipimo kinachoandikwa kwenye betri. Betri ya asidi usiinyonye zaidi ya nusu, kwa hiyo tafuta isiyopungua ampea-saa 17, na kama unachaji na simu, panda juu zaidi. Miezi ya mvua jua hujificha siku mbili tatu, basi zidisha mara tatu kabla hujaenda dukani.